Ridi Zilizosingiziwa

Pumzi alikuwa ameinamia kipande cha kioo mezani, anasugua ridi juu ya msasa kwa vidole viwili, mbele na nyuma, taratibu kama anayembembeleza mtoto. Ridi ni kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kinywa cha saksafoni. Chenyewe ndicho kinachotetemeka. Kisipotetemeka, saksafoni nzima ni bomba tu la shaba. Aliinua ridi yake hadi kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kivuli cha ncha, akailowesha mdomoni, akaifunga, akapuliza.

Ilitoka hewa. Fyuu, kama tairi la baiskeli lililochoka.

"Na wewe ubao," aliiambia, akaifungua na kuiweka upande wa ukuta, pamoja na nyingine zilizokwisha kuhukumiwa.

Kesho bendi ilikuwa na kazi mbili. Asubuhi wangepiga nje, kwenye uwanja wa kiwanda kipya, pamoja na matarumbeta na ngoma kubwa. Mahali pa namna hiyo ridi laini haifui dafu: ukiibana ili isikike, inalia kama bata. Panataka ridi ngumu, inayokubali pumzi nyingi bila kufyata. Jioni wangehamia hotelini, nyimbo za polepole, watu wanakula na kunong'onezana. Huko ridi ngumu ni mgeni anayeongea kwa sauti kwenye nyumba ya watu. Panataka laini, inayoitika hata ukiipumulia tu.

Kuchagua hakukuwa kazi ya kumtoa jasho. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu, na kilichobaki baada ya kuharibu kwingi kilikuwa mdomo wake wa chini. Mdomo ule ndio uliokuwa mzani. Akiigusisha ridi hapo, alijua hii ni ya uwanjani na hii ya ukumbini, na hii inahitaji kukwanguliwa kidogo begani, kando ya ncha, ndipo itulie. Watu wa bendi walimpa jina la Pumzi, naye hakuwabishia, lakini alijua pumzi ni ya kila mwenye mapafu.

Leo mzani ulikuwa kimya.

Asubuhi chai ilimchuruzika hadi kidevuni, akasema kikombe kina ufa. Alikigeuza kikombe, akakitafuta ufa huo mpaka akachoka, kisha akakificha nyuma ya sufuria kana kwamba kikombe ndicho kilichokosa. Alipopiga mswaki, maji yalitoka upande wa kushoto bila kuitwa. Hapo alikiepuka kioo cha bafuni. Alijua angeona nini. Mama yake mdogo aliamka siku moja mdomo umeshuka upande, akacheka, akasema amelalia vibaya, akaendelea kupepeta mchele wake. Jua lilipotua hakuwa na neno hata moja kinywani, na hakuwa nalo tena hadi walipomzika.

Basi Pumzi alichukua wembe na msasa, akaanza kuzitengeneza ridi. Alikuwa amesugua moja baada ya nyingine tangu saa za mchana, na zote zilikuwa mbovu. Boksi zima bovu. Aliyeuza kamwuzia mbao. Alilishikilia wazo hilo kwa mikono miwili, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wazo jingine.

Alifunga ridi nyingine, akapuliza kwa nguvu.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni. "Nimesikia birika linachemka, nikajua chai tayari."

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpiga ngoma wa bendi ile ile. Alikuwa amekuja kumchukua waende mazoezini. Mume mwenyewe alikuwa safarini, na tangu aondoke shemeji alijifanya mkubwa wa nyumba, hasa jikoni.

"Birika lako liko kwenu," Pumzi alijibu bila kugeuka. "Hapa watu wanafanya kazi."

"Kazi gani, kuua mchwa? Meza yote vumbi. Shemeji, kiongozi ameshafika ukumbini, ana ule uso wake wa Jumatatu. Tusipofika atamwita yule kijana wa saksafoni, yule anayepiga akijitazama viatu."

"Amwite."

"Akimwita leo, kesho atamwacha apande jukwaani. Unamjua."

Pumzi alimjua. Aliipeleka saksafoni mdomoni tena ili asilazimike kusema, akapuliza, na safari hii sauti ilitoka, nusu sauti nusu upepo. Shemeji alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme jambo la kuchekesha. Akaufunga.

"Shemeji. Toa hiyo kitu mdomoni."

"Nini?"

"Itoe kwanza."

Aliitoa. Kwenye kinywa cha saksafoni palikuwa na wekundu, na wekundu huo ulikuwa unashuka polepole hadi kwenye shaba. Shemeji aliigeuza ridi kwenye mwanga. Ncha ilikuwa imepasuka, kipande kimesimama kama kibanzi. Kilikuwa kimemchana mdomo kila alipopuliza.

"Huumwi?"

Pumzi alijigusa mdomo. Kidole kilirudi na damu. Aliitazama kama damu ya mtu mwingine. "Hapana," alisema. "Siumwi."

"Hebu cheka."

"Nicheke nini? Hujasema la maana tangu uingie."

"Nionyeshe meno tu, shemeji."

Alimwonyesha. Alimwona shemeji anavyomtazama upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kulia tena. Alisubiri utani. Mtu yule alitania hata misibani, alimtania hata daktari aliyemshona mguu. Utani haukuja.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Asubuhi."

"Na umekaa hapa unasugua vijiti. Shemeji, mficha maradhi..." Akaishia hapo. Methali hiyo hakuna asiyeujua mwisho wake.

Pumzi aliokota ridi moja kutoka upande wa ukuta, akaifuta kwa shati, akamnyoshea. "Iweke kwenye mdomo wako wa chini. Niambie."

"Mimi mpiga ngoma. Mdomo wangu unajua chai tu."

"Niambie, ngumu au laini?"

Aliiweka. "Laini. Kama karatasi ya sigara. Hii ukiipiga chafya inakatika."

Akampa nyingine. Laini. Nyingine. Laini mno, inanata. Zilikuwa ngumu nzuri zote, namba tatu ya ugumu, na alikuwa amezikwangua mpaka zikaisha, moja baada ya nyingine, akizisingizia. Hakukuwa na ubao hata mmoja pale mezani.

"Naogopa," alisema.

"Na mimi," shemeji alisema. "Vaa viatu. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Kiongozi nitampigia njiani, na akinuna anune."

"Atamwita yule kijana."

"Amwite."

Alivaa viatu. Mguu wa kushoto aliukanyaga mara mbili sakafuni, kwa siri, kuhakikisha kwamba upo. Upo. Ndani ya boksi ilikuwa imebaki ridi moja ambayo hakuwa ameigusa, na juu ya kioo moja aliyoianza kwa ajili ya hoteli, bega moja limekwanguliwa, la pili bado. Shemeji alinyosha mkono akusanye takataka ile.

"Hiyo iache," Pumzi alisema, kiganja kimefunika mdomo. "Iache ilale kwenye kioo. Ikikauka hewani itapinda."

Neno la mwisho lilimkwama mdomoni, likatoka nusu. Shemeji alijifanya hakulisikia.

"Utaimalizia lini?"

"Kesho," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikiliza anavyolitamka, herufi kwa herufi, kama linatoka lote au linavuja. Kisha akamtangulia mlangoni.