Mlima Mweupe wa Ruba

Binti yetu Ruba hakuwahi kuuona mlima kwa macho yake. Alizaliwa mtaa wa Mkomani, akasoma papa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya hospitali huko Mombasa, kwa ajili ya ugonjwa wa damu aliokuwa nao tangu uchanga. Barabara yote ya kwenda Mombasa ni tambarare. Hata hivyo, miaka yake miwili ya mwisho aliitumia kujenga mlima wa moto, yeye na rafiki yake Valary, katika kisiwa ambacho hakimo kwenye ramani yoyote.

Valary ni mtoto wa Nicodemus, askari polisi, na Nerea, muuguzi. Kwao ni Nakuru. Valary alikaa dawati moja na Ruba kidato cha pili, na Ruba aliposhindwa kwenda shule, Valary akawa anakuja yeye. Akivua viatu dakani, kwenye baraza ya mlangoni, akimwamkia mke wangu Rahima, kisha akipanda chumba cha juu na kalamu zake za rangi. Walitandika karatasi kubwa ya manila kitandani na kisiwa chao wakakichora humo. Ruba alikiita Nti, kwa lugha yetu ya Kiamu. Valary alikuwa akitucheka tunavyosema nti na ndia badala ya nchi na njia, lakini mwishowe na yeye akawa anasema Nti.

Mimi ni mwashi. Nachoma chokaa na kupaka kuta za nyumba za zamani. Nikirudi kazini nilikuwa nikikaa ngazini, nje ya mlango wao, nikipumzisha miguu na kuwasikiliza. Mlima uliingia siku moja hivi:

"Kisiwa chako kimelala kama chapati," Valary alisema. "Weka mlima. Weka mlima wa moto."

"Wa nini?"

"Watu wawe na kitu cha kuogopa."

"Watu wangu wana bahari ya kuogopa."

"Bahari mmeizoea. Hiyo haihesabiki."

Ruba akauchora. Tangu hapo maswali hayakwisha. Nani atakubali kuishi chini ya mlima wa moto, na kwa nini? Ruba alijibu kwa kuuliza bahari imekula wangapi wa Amu, na mbona hatuhami. Mvua inanyesha upande gani? Wafu wanazikwa wapi ikiwa udongo una moto? Valary alimweleza kuhusu Menengai, volkano iliyo nyuma ya nyumba ya bibi yake, udongo mweusi, mahindi yanayompita mtu kimo, na mvuke unaotoka ardhini. Ruba aliyapokea yote hayo. Alikataa jambo moja tu, nalo ni kile kitokacho mlimani. Valary alitaka moto mwekundu utiririke. Ruba alisema kinachotoka ni cheupe.

"Cheupe kama nini?"

"Kama chokaa. Watu waizoa kwa makanda, wapaka nyumba zao."

"Ruba, huo si mlima. Huo ni mfuko wa simiti."

Ruba alicheka mpaka akakohoa. "Simiti usiitaje katika nyumba hii. Baba atakutoa na viatu vyako mkononi."

Waligombana pia juu ya mwisho. Walikuwa wameafikiana kwamba kisiwa hicho watakiandikia hadithi, na hadithi ilikuwa imebaki sura moja. Valary alisema mlima wa moto ukiuweka hadithini lazima ulipuke, usipolipuka umewadanganya wasomaji. Ruba alisema hautalipuka, kuna watu pale. Hawakufikia mwafaka. Ruba alifariki mwezi wa Shaabani, Alhamisi asubuhi, na alasiri tukawa tumemzika.

Baada ya khitima kupita, Valary alikuja na mama yake. Tuliwakaribisha sebuleni. Nerea alisema mumewe amehamishiwa Kitale, na wao wanaondoka wiki ijayo. Kisha akamtazama binti yake, na Valary akasema akiwa ameinamisha uso:

"Baba Ruba, nimekuja kwa ajili ya hadithi. Sura ya mwisho. Nimeandika mlima ukilipuka, nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Si kisiwa changu peke yangu. Nimeona niwaulize nyinyi."

Karatasi zote zilikuwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba cha juu, na Rahima hakuwa amemruhusu mtu kuzigusa. Hata vumbi alilipangusa kandokando yake tu.

"Uache ulivyo," nikasema.

"Mlima?"

"Kila kitu. Uache alivyouacha yeye."

Valary akasema kwa sauti ya chini, "Alivyouacha, umeanza kutoa moshi. Hiyo ndiyo sentensi yake ya mwisho. Watu wako juu ya mapaa, na watoto wao, wanautazama. Nikiuacha hivyo, watakaa hapo juu ya mapaa siku zote."

Nerea akamgusa goti anyamaze. Hapakuwa na haja. Valary alikuwa amesema kweli. Nilimwambia anipe siku chache.

Walipoondoka nilimwomba Rahima ruhusa, nikaitoa ramani nikaitandika mkekani. Nilikuwa sijaitazama kwa karibu hata mara moja, maana Ruba alipokuwa hai nilikuwa nikisikiliza tu. Mlima aliouchora ulikuwa wa mviringo, mbavu zake zimesimama wima kama ngoma, matabaka juu ya matabaka, na katikati ya kilele shimo limeshuka moja kwa moja mpaka chini. Pembeni alikuwa ameandika: *Moto huingia kwa juu.*

Mlima wa kweli, nilivyofundishwa kwenye jiografia ya sekondari, moto wake hutoka chini. Hakuna anayeuingiza. Lakini kitu chenye umbo lile nakijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Lile ni tanuu la chokaa. Tunapanga magogo ya mikoko na minazi duara, safu juu ya safu, tunaacha tundu katikati, kisha juu yake tunapakia mawe ya matumbawe. Mtu hupanda na makaa, huyatumbukiza tunduni, na hushuka. Ruba alipokuwa mdogo na mwenye nguvu nilikuwa nikivuka naye kwenda Maweni, ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda, nikimkalisha kwenye kivuli huku tukichoma. Mtoto ambaye hajauona mlima ameulizwa mlima wa moto ukoje, naye akachora kitu pekee alichowahi kukiona kikiwaka na kumpita baba yake kwa urefu.

Nikamwita Rahima. Nilimwonyesha mlima kwa kidole tu, naye akatazama, akasema, "Tanuu." Akaenda kutia maji birikani.

Mwenzangu Jeilani alikuwa anawasha tanuu lake Jumamosi. Nilikwenda kwa kina Valary nikawaambia kwamba kama wanataka kujua mlima ule utafanya nini, waje tukautazame. Tulivuka wanne baada ya adhuhuri, mimi na Rahima, Nerea na Valary. Ilikuwa mara ya kwanza Rahima kutoka nje ya Mkomani tangu msiba.

"Nimezaliwa nyuma ya volkano," Nerea alisema tulipokuwa tukipanda kutoka ufukweni, "na leo nasafirishwa kwa boti kwenda kuiona."

"Ya kwenu yawaka?" Rahima akamuuliza.

"Ya kwetu imelala, Bi Rahima. Watu wanapanda kupiga picha."

Jeilani alikuwa ameshamaliza kupakia. Alituona akashika kiuno. "Abdulwahid, umeniletea wakaguzi? Kibali ninacho."

"Nimekuletea mwandishi," nikasema.

"Basi aandike kwamba mimi ndiye niliyepanga vizuri. Wewe magogo yako huwa yanalala kama walevi." Kisha akakumbuka kwamba nina msiba, akapunguza sauti. "Karibuni. Kaeni upande wa upepo."

Akapanda na makaa kwenye karai bovu, akayamwaga tunduni, akashuka haraka haraka. Mwanzoni palitoka moshi tu, mweupe na mzito. Baadaye tulisikia moto ukinguruma ndani, bila kuuona, na mawe ya juu yakaanza kulia, moja moja, kama mtu anayevunja vidole. Valary alisimama karibu kuliko nilivyotaka. Joto lilimfukuza nyuma, akarudi, likamfukuza tena.

"Sasa utalipuka?" akamuuliza Jeilani.

"Haulipuki, mwanangu. Unakaa."

"Kukaa ndio nini?"

"Kuni zinapoliwa, mawe yanashuka. Taratibu. Ukija kesho hutauona mlima. Hili lote litakuwa limefika hapa." Akajipiga chini ya goti.

Valary akageuka kunitazama mimi. Jambo hilo nimelijua tangu nilipoanza kazi nikiwa kijana. Nimetengeneza matanuu sina idadi, na kila moja limekaa chini na likazolewa, likaenda kuwa kuta za watu. Lakini sikuwa nimelifikiria huku nikiiona karatasi ile. Nilikuja Maweni nikiamini kwamba nitamwonyesha Valary kuwa mlima haulipuki, naye atauacha mahali pake, na kisiwa kitabaki alivyokichora mwanangu.

Jeilani hakujua lolote la hayo. Alikuwa anafurahia wageni. Kwenye kibanda chake palikuwa na mawe ya tanuu lililotangulia, aliyoyafunika yasipate maji. Akachukua moja akaliweka kwenye sufuria. "Hili limepoa. Tazameni, lishikeni." Kisha akalimwagia maji. Jiwe lilikaa kimya kidogo, halafu likapasuka, likavimba, na maji yakachemka kwa kishindo, mvuke ukapanda. Hapakuwa na moto wowote chini yake. Nerea alirudi nyuma hatua mbili akimvuta binti yake.

"Usitie kidole," Jeilani akasema. "Chokaa mbichi yala nyama. Huachwa inywe maji mpaka itulie, ndipo ipakwe."

"Ruba aliliona hili?" Valary aliuliza.

"Aliliona," nikasema. "Nilimwonyesha mara nyingi. Alikuwa akilipenda kuliko moto wenyewe."

Rahima alikuwa kando tangu moto uwashwe. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, buibui lake limejaa vumbi jeupe upindoni. Akasema, bila kumtazama yeyote, "Basi alijua mlima hautabaki."

Valary akatoa karatasi na kalamu. Tulirudi Amu kabla ya magharibi, na botini Valary aliandika njia nzima, karatasi imeegemea gotini, mama yake amemshika bega asiyumbe.

Kesho yake alikuja nyumbani. Rahima mwenyewe ndiye aliyemfungulia, akazitoa karatasi zote zidakani, akamwekea juu ya mkeka. Valary aliandika, na kila alipokwama aliniuliza. Watu wanashukaje kwenye mapaa? Nikamwambia wanashuka bila kukimbizana, wanachukua watoto, misahafu na maji, wanakwenda ufukweni upande wa upepo. Mlima unawaka, na sauti yake ni ile aliyoisikia. Kisha unakaa. Nyumba zilizojengwa mbavuni mwake zinakaa nao.

"Kuna jambo moja, Baba Ruba." Aliiweka kalamu chini. "Moto hauingii wenyewe. Kwa kanuni za Ruba, lazima mtu aupeleke juu. Ameandika ni msichana. Hakumpa jina. Swali langu, je, anashuka?"

"Jeilani alishuka."

"Tanuu la Jeilani halimpiti sana mtu. Huu ni mlima."

Nilitaka kusema anashuka. Neno lilikuwa mdomoni. Ningeweza kumpa njia, ngazi za upande wa pili, mtu wa kumpokea. Valary angeandika, na asingenisahihisha, kwa sababu ya heshima na kwa sababu ya huruma. Rahima alikuwa mlangoni na sinia la chai, amesimama.

"Aliupeleka moto kwa hiari yake?" nikauliza.

"Ruba ameandika alijua anachokiendea."

"Basi hashuki," nikasema.

Valary aliinama akaandika. Machozi yalimdondokea kwenye karatasi, akayafuta kwa mkono wa sweta, wino ukachafuka kidogo pale. Rahima aliliweka sinia chini akakaa karibu naye.

"Halafu wanarudi wanajenga?" Valary aliuliza.

"Si mara hiyo. Chokaa ile haishikiki. Waambie wangoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua zije, ziiingie. Wataisikia ikichemka huko juu, wasiogope. Wangoje mpaka itulie."

"Watakasirika. Watu hawapendi kungoja."

"Wengine watakasirika," nikasema. "Wataungua vidole. Waandike na hao."

Akawaandika na hao. Alipomaliza aliipiga picha kila karatasi kwa simu ya mama yake, na zenyewe akatuachia. Walisafiri Jumatatu asubuhi. Tuliwasindikiza mpaka gatini, Nerea na Rahima wakashikana mikono kwa muda mrefu, na Valary akaniaga kwa kunibusu mkono, jambo ambalo nadhani Ruba ndiye aliyemfundisha.

Jioni ile, baada ya swala, Rahima aliniomba nimsomee sura ya mwisho. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Nilisoma tangu moshi ulipoanza. Nilipofika mahali pa yule msichana na makaa yake, aliniambia nirudie hapo, nisome polepole.