Nionjee

Mwanga wa asubuhi ya huku ugenini ni mwepesi, mke wangu, mwepesi kama chai ya majani yaliyorudiwa. Uliingia dirishani taratibu, ukapanda kitandani, ukakukalia mabegani, nami nikaona jinsi mabega yenyewe yalivyobaki mifupa.

Jana daktari alisema, binti yetu akatufasiria: dawa imemaliza kazi yake, ila imekuunguza ulimi. Ladha huenda ikarudi, huenda isirudi. Iliyobaki ni kazi ya kijiko. Asipokula, alisema, mmekuja bure.

Nawe huli. Kila kitu kwako karatasi. Mkate karatasi, nyama karatasi, chai karatasi iliyolowa.

Basi binti yetu akasema leo hakuna kulala, wazee wangu, leo mnatembea mji. Akakufunga mtandio, mimi akanipa mwavuli niushike kama askari, tukatoka.

Tukaona daraja limening'inia kwa kamba za chuma. Mimi fundi baiskeli nikasimama nikitafuta spoki iliyolegea, sikuiona. Ukatazama, ukanyamaza. Tukaona saa kubwa juu ya mnara, na njiwa wamekalia mshale wake, hawana habari na wakati. Ukatazama, ukanyamaza. Tukaona bustani, maua mekundu, maua ya rangi nisiyoijua jina, na wanaume wazima wamelala kwenye majani mchana kweupe. Nikasema hawa wametoroka wake zao. Hata hapo, mke wangu, hata hapo ukanyamaza.

Sokoni ndipo. Palikuwa na mama mmoja wa supu, sufuria lake ungeweza kumwogeshea mtoto, mvuke unapanda, watu wamepanga mstari. Binti akanunua. Supu nzito, rangi ya maji ya mto yaliyovurugwa. Nikasema kula. Binti akasema, mama, kula. Ukageuza uso.

Halafu ukanisukumia bakuli.

"Nionjee," ukasema.

Nikaonja. "Tamu."

"Hata pipi ni tamu. Niambie vizuri, mzee."

Jamani, maneno niyatoe wapi? Mimi ni mtu wa kula, kunawa na kumshukuru Mungu. Nikaonja tena, nikafumba macho. Nikakwambia chumvi ipo, lakini haijitangulizi, inapiga hodi mwishoni kama mgeni mwenye adabu. Kuna kitu kichachu, kama ukwaju unaofikiria kuiva. Na nyuma kabisa kuna moshi, moshi wa jikoni kwako siku kuni zimenyeshewa, unapuliza huku machozi yanakutoka, unatugombeza wote, hata kuku.

Ukacheka kidogo, kwa pua. Mkono haukusogea.

"Na maharage yangu," ukauliza, "yalikuwaje?"

Binti yetu akatazama pembeni. Supu inapoa, mke wangu, supu inapoa na wewe unaulizia sufuria za ujana wetu, unaulizia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia habari za ndugu aliyeko mbali.

"Nikifika kona ya kisimani," nikakwambia, "harufu yake inanipokea. Nilikuwa nashuka kwenye baiskeli, naikokota. Makusudi, nichelewe."

"Uchelewe nini?"

"Nikifika nitakula. Nikila yataisha."

Ukanitazama. Ulivyonitazama pale, kati ya makelele ya watu tusioelewa hata salamu yao, sina la kufananisha. Ukashika kijiko. Kikapanda, kikaingia. Hukusema ni karatasi, hukusema si karatasi. Ukameza.

"Nionjee tena."

Nikaonja, nikasema, ukameza. Nikaonja, nikasema, ukameza. Nilisema hadi maneno yakaniishia nikaanza kuyarudia, na hukunicheka, ukawa unameza tu, unafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, unanyoosha kidole: haya.

Jua likawa limeinama. Mwanga ukapita juu ya vichwa vya watu wa soko, ukapita begani kwako, ukaingia bakulini, ukashuka hadi chini kabisa, palipokuwa peupe sasa. Ukatulia pale, wa manjano, mzito. Mwanga wa kushibisha, mke wangu.