Kimya Kinachobana Masikio

Mwaka ule wakimbizi Warundi walipofurika Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, hadi pa kukanyaga pakakosekana, shirika moja lilishusha hema, jenereta na hedifoni za kufuta ngurumo ya jenereta hiyo. Hedifoni! Wakimbizi wa mwaka sabini na mbili walihojiwa juani kwa kufokewa. Tumestaarabika.

Mkalimani alikuwa Marcelina, Muha wa Kidahwe. Mbele yake aliketi Honorata, ambaye binti yake Dafroza aliokolewa ziwani na boti nyingine, akapelekwa kambini peke yake. Ili waunganishwe, maelezo ya mama kuhusu safari yalipaswa kufanana na ya mtoto.

Walter, ofisa wa shirika kutoka Moshi, akamvika mama hedifoni, akabonyeza kitufe.

Honorata akakodoa macho, akaing'ang'ania meza. "Amazi!" akalia, akizing'oa masikioni. "Amazi!"

"Anasema yuko majini," Marcelina akatafsiri.

"Kwenye hema kavu? Dada, tangu asubuhi nawauliza wanaozivaa, wote wamesema nzuri."

"Na wewe ukiwa mgeni wa watu, mchuzi ukizidi chumvi, utasemaje?"

"Hazibani kitu. Zinafuta kelele tu." Akaanza kuandika: *amekataa mahojiano*.

"Hebu ngoja!" Marcelina akazivaa mwenyewe. Ngurumo ilififia, kweli. Ila masikio yalijaa, yakavutwa ndani kama ya mtu aliyepiga mbizi ziwani Kibirizi, na pumzi yake ikamvumia fuvuni. Tone la maji halikuwapo. Kichwa hakikujua hilo.

"Zima jenereta."

"Friji ya chanjo je?"

Marcelina akazivua hedifoni, akaziweka mezani.

Ikabaki kupaza sauti. Nyuma ya turubai foleni ilikuwa imesimama, na humo wamo waliopanda boti moja na Honorata. Marcelina akamwinamia, akamweleza kwa Kiha cha kwao kinachoelewana na Kirundi: "Mama, ukisema, watasikia."

Honorata akazitazama hedifoni. Akalitazama turubai.

"Nilimwachia mtoto wangu mdogo majini!" akapiga kelele kuishinda jenereta. "Boti ilipinduka! Dafroza nilimshika kwa mikono yote miwili, mdogo nikamwachia!"

Marcelina akamtafsiria Walter sikioni, taratibu, ingawa hakukuwa tena na cha kuficha. Nje mtu akaguna, "Yoo." Kisha vichwa vikaanza kuligeukia hema.

"Yanafanana na ya mtoto," Walter akasema, akigonga muhuri. "Atampata binti yake. Anaweza kwenda."

Honorata hakuinuka. Mlango wa hema ulikuwa mmoja tu, na foleni iliyosikia yote ilikuwa imeuelekea.