Ieuan Maboksi

Kitendawili. Malkia kasafiri na wajakazi wake, farasi hana, mlinzi hana, na nyumba aliyoalikwa ataingilia tundu la barua mlangoni. Wewe jikune kichwa, mimi naendelea. Jibu tutalikuta njiani.

Kule Cwmhelyg, bonde la kondoo na mvua nchini Wales, jina la ubatizo lilikuwa la kanisani tu. Akina Jones walikuwa wengi kuliko mawe, kwa hiyo mtu aliitwa kwa kazi yake. Palikuwa na Dilwyn Mkate, palikuwa na Nesta Maziwa, na palikuwa na Ieuan Posta. Ieuan alilirithi jina lake kwa baba yake, Gwilym Posta, aliyepanda vilima vile kwa baiskeli mpaka magoti yakamkataa. Dilwyn akafa, duka lake likafungwa. Nesta akauza ng'ombe. Likabaki jina la Ieuan peke yake lenye kazi ndani yake, kama jino la mwisho kinywani mwa ajuza, na mwenyewe alilipenda kuliko unavyoweza kudhani.

Kisha serikali ikaiuza posta. Wafanyakazi wakagawiwa hisa kidogo, kama mtoto anavyopewa peremende ili asilie anapochomwa sindano. Ieuan akauza zake, akamnunulia mkewe Delyth jiko jipya. Lilikuwa jiko zuri, sisemi uongo.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama zamani. Halafu ofisi ya kijijini ikafungwa, barua zikawa zinapangwa mjini ndani ya banda la bati, chini ya meneja aliyeitwa Prosser. Ieuan akapewa kimashine cha kubeba mkononi, akisimama mahali kidogo tu kinalia kama kifaranga kilichopotelewa na mama. Na amri ikawa moja: maboksi kwanza. Maboksi ya watu wanaonunua vitu kwa simu ndiyo yaliyoleta faida. Barua zikasukumwa nyuma kwenye toroli, zisubiri nafasi, na nafasi ikawa mgeni asiyefika.

Aliyeumia mapema ni Anti Hefina, mjane mfuga nyuki aliyekaa mwisho wa barabara, pale lami inapokata tamaa. Langoni kwake palikuwa na desturi. Ieuan akifika, Hefina anatega kitendawili, na jibu linatolewa siku ya barua inayofuata. Ieuan akishindwa, anatoa mpira mmoja mwekundu wa kufungia barua, maana mipira hiyo Hefina aliitumia kufungia masega kwenye fremu za mizinga. Ieuan akilipata jibu, Hefina anatoa kijiko cha asali, kinalambwa palepale. Kimashine kilipokuja, vitendawili vikawa vinatupwa kupitia dirisha la gari. Baadaye hata hivyo vikakoma.

Mwaka huo, majira ya joto, mzinga mkubwa wa Hefina ukafiwa na malkia. Ni ule alioachiwa na marehemu mumewe, na nyuki wasio na malkia ni familia inayosubiri kwisha. Akaagiza mwingine kwa mfugaji wa kaskazini. Malkia wa nyuki husafiri kwa posta tangu enzi za Gwilym: anatiwa kwenye kijumba kisichozidi kiberiti, pamoja na wajakazi wachache wa kumlisha, na bonge la sukari mlangoni. Haya, kitendawili changu umeshakipata.

Hefina alimsimamisha Ieuan barabarani akamweleza. Ieuan akazima gari, jambo ambalo hakulifanya siku hizo.

"Anti, akifika tu namleta kwa mkono wangu," alisema. "Hata niwe na homa. Si mimi ndiye Posta?"

"Ndiye," akasema Hefina. "Ndiyo maana nalala usingizi."

Kila asubuhi Ieuan alimtafuta malkia kwenye maboksi. Alidhani kiumbe hai hatumwi ila kwa boksi lenye alama. Hakuuliza. Mfugaji naye alikuwa mtu wa kubana matumizi, alimtia kwenye bahasha ya kawaida yenye vitundu akabandika stempu, kama alivyofanya miaka yote na hakupoteza hata mmoja. Kwa hiyo malkia alikuwa kwenye toroli, chini ya bati linalochemka. Kuna asubuhi Ieuan alisogea pale, mkono ukaenda kwenye barua, Prosser akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akigusa toroli kabla ya maboksi kwisha atapata onyo la maandishi. Mkono ukarudi mfukoni. Ungeweza kukataa kurudi, ule mkono. Haukukataa.

Maboksi yalipopungua, toroli likafunguliwa. Ieuan aliijua bahasha ile kwa vitundu vyake. Akaitikisa sikioni, ikalia kama punje za mchele mkavu.

Angeweza kuitia kwenye tundu la barua mlangoni akaondoka. Hilo hakulifanya, nampa haki yake. Aliishika kwa mikono miwili akaenda nayo langoni. Hefina akafungua, akamimina kiganjani vile vijidudu vyeusi vilivyojikunja, akavigeuza kwa kidole mpaka akamwona malkia, mwenye tumbo refu. Nyuma yake nyigu walikuwa wanaingia na kutoka kwenye ule mzinga mkubwa, wanaiba asali, na hapakuwa na wa kuwafukuza.

Ieuan akaanza kueleza habari za Prosser, toroli na amri. Hefina akamwacha amalize.

"Kitendawili," akasema.

Kwa mazoea mdomo wa Ieuan ukajibu wenyewe. "Tega."

"Hupita kwangu kila siku, changu hakileti."

Ieuan akatazama gari lake, na safari hii Hefina hakumpa mpaka siku ya barua.

"Umeshindwa. Toa mpira."

Akapapasa mifuko yote. Barua alizopewa kubeba zilikuwa chache siku hizo, hata mipira ya kuzifungia hakuwa nayo.

"Baba yako alinifikishia malkia katikati ya theluji, kamweka kwapani asipoe," Hefina akasema. "Yeye alikuwa Posta. Wewe walikununua kwa jiko. Nenda, Ieuan Maboksi, mashine yako inakulilia."

Na kweli ilikuwa inalia.

Bonde lile halina siri. Ilipofika Jumapili, jina jipya lilikuwa limeshaketi kanisani kabla ya mwenyewe. Vijana wa baa wakalichukua, wakaliimba. Gethin fundi bomba akamuuliza mbele ya watu, "Maboksi, viatu vyangu vimefika, au navyo vimekufa njiani?" Delyth akaenda kununua liki, vile vitunguu vya majani vya supu, muuzaji akamuuliza kwa upole wenye sumu kama lile jiko la hisa linaivisha vizuri. Akarudi nyumbani na supu hakuipika.

Ieuan alivumilia mpaka uvumilivu ukamchosha. Jumatatu moja alifika bandani kabla ya Prosser, akapita maboksi kama hayaoni, akapakia barua zote za Cwmhelyg mpaka toroli likabaki tupu. Kimashine akakiacha juu ya meza. Njiani alipiga mluzi. Leo, alijiambia, nitarudishiwa jina langu.

Ehe. Mtu na hesabu zake.

Nyumba ya kwanza alimpa Nesta bahasha ya hospitali. Nesta akaisoma mlangoni. Miadi yake ya macho ilikuwa imeshapita, na kwa kuwa hakutokea alikuwa ameondolewa kwenye foleni. Mzee wa nyumba ya pili alipata mwaliko wa mazishi ya rafiki yake wa jeshini, na kaburi la rafiki lilikuwa limeshaota majani. Kwa mwalimu mstaafu zilikuwa kadi mbili za mjukuu, moja ya kualika sherehe, ya pili, "Bibi mbona hukuja?" Kila barua ilikuwa kweli imefika, na kila barua ilikuwa shahidi. Kabla ya hapo watu walijua tu kwamba wamekosa kitu. Sasa walijua wamekosa nini, na aliyewaletea habari amesimama mbele yao anatabasamu.

"Unacheka nini?" Nesta alimuuliza.

Wasiokuwa na barua nao walitaka maboksi yao. Gethin alisimama katikati ya barabara, akachungulia ndani ya gari, akaona bahasha tu.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Nimeleta barua, Gethin. Barua zote."

"Nani kakuambia nataka barua? Hata kazi hiyo moja tu umeshindwa, Maboksi?"

Simu ya Ieuan ikaita. Prosser hakupiga kelele. Alisema gari lirudishwe kabla ya jioni, na dereva wake asije kazini tena.

Kwa Hefina hakukuwa na barua. Ieuan alikwenda hata hivyo, kwa miguu, mipira myekundu imejaa kiganjani, ile iliyofungia mafurushi ya siku ile. Alimkuta nyuma ya nyumba. Mzinga ulikuwa kimya, hata nyigu walikuwa wameumaliza wakaenda zao. Akamnyooshea mipira. Hefina akaitazama.

"Ya kufungia nini?" akauliza. "Masega yako wapi?"

Hakuichukua. Akainama kwenye mzinga, akashika upande mmoja, mgongo ukamgomea. Ulikuwa mzinga wa mbao nzito, wa marehemu, na banda la kuhifadhia mizinga lilikuwa juu kilimani.

"Wewe si wa maboksi?" akasema bila kugeuka. "Basi beba hili."

Ieuan akatia mipira mfukoni, akashika upande wa pili. Wakapanda, mmoja mbele mmoja nyuma, harufu ya nta kuukuu katikati yao. Walipoutua ndani ya banda, Hefina akapangusa mikono kwenye aproni.

"Ukitoka funga mlango, Ieuan," akasema, akashuka.

Hakusema Posta, hakusema Maboksi. Tangu mama yake azikwe hakuna mtu bondeni aliyemwita kwa jina tupu namna ile. Ieuan akasimama gizani karibu na mzinga, asijue kama amerudishiwa kitu au amenyang'anywa hata kile kilichobaki. Kisha akafunga mlango, kama alivyoambiwa.