Joto la Nyuma ya Plaiwudi

Yai la nne nalo lilikuwa la moto mno. Mama Vifaranga alikuwa ameligusisha kwenye ngozi ya kope yake, jicho amelifumba, kama alivyopima kwa miaka kumi na mmoja. Kipimajoto kilishamdanganya mara mbili, kope bado. Yai lililo sawa hukaa pale bila kusikika, kana kwamba ni sehemu ya uso. Hili lilichoma.

Alilirudisha kwenye trei, akafungua matundu ya hewa ya kitotoleshi hadi mwisho. Hewa iliyoingia ilikuwa na joto kuliko iliyotoka.

Ilikuwa siku ya ishirini. Kesho mayai mia tatu yalitarajiwa kuanguliwa, na hata moja halikuwa lake. Wanawake wa mtaa ndio waliyaleta, kila mmoja na alama yake ya penseli. Fundi cherehani alichora sindano. Muuza mkaa alichora kitu alichodai ni jogoo. Mjane wa nyumba ya kona aliona aibu kuchora, akaweka nukta, nukta ndogo sana, mayai tisa. Hakujibakizia hata la kukaanga.

Nyuma ya ukuta wa plaiwudi, mashine arobaini za kompyuta za shemeji yake zilivuma bila kuvuta pumzi. Zililetwa baada ya serikali kutoza kodi umeme wa kuchimba sarafu za mtandaoni, kodi nzito, ili mitambo ya umeme wa makaa ipunguze moshi. Umeme wa kutotolesha vifaranga haukuguswa. Na shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyemjengea kibanda hiki baada ya msiba, tofali kwa tofali, bila kuombwa. Kwa hiyo alipokuja na maboksi yake hakuhitaji kusema mengi. "Tunaongeza ubao tu, shemeji. Kuku hawatajua."

Sasa alimkuta nyuma ya ubao, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, fulana imemganda mgongoni, macho kwenye simu.

"Zizime mpaka kesho jioni tu, shemeji."

"Hizi si redio."

"Mayai yanapikika."

"Basi lete chumvi." Alicheka peke yake, akamtazama usoni, akaacha. "Nikizima hata siku moja nimezama. Kule nimeshafukuzwa na kodi. Hapa unanifukuza wewe?"

"Nataka vifaranga wa watu wapumue."

"Nitakuletea feni."

Alileta feni. Ilipuliza joto lilelile, kwa bidii zaidi.

Mama Vifaranga alipiga magoti, akaweka sikio kwenye trei. Siku ya ishirini vifaranga hulia wakiwa bado ndani ya ganda, sauti nyembamba kama kitu kinachokwaruzwa mbali. Asubuhi walikuwa wengi hadi alicheka. Sasa trei ya juu ilikuwa kimya, na kwenye ile ya katikati alilazimika kuzuia pumzi ili awasikie.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa mwanamume wa makamo mwenye faili kwapani na koleo dogo mkononi.

"Mkaguzi wa umeme," alisema. Alitazama kitotoleshi, akatazama faili. "Mama, mita hii ina jina lako, na inakula kuliko mtaa mzima. Unatotolesha mbuni?"

Shemeji alikuwa ameshajitokeza mbele na kitambaa cha kufutia. "Mashine ya zamani, mkubwa. Kwa umeme haishibi."

"Nimemuuliza mama."

Angeitikia uongo huo, mkaguzi angeandika na kwenda zake. Alilijua hilo. Alimwona shemeji akikunja kitambaa, akikikunja tena, mikono ileile iliyobeba matofali. Kutoka trei ya katikati sauti moja ilikatika.

"Nyuma ya ubao huo kuna mashine za kuchimba," alisema. "Zizimeni, tafadhali. Vifaranga wanakufa."

"Shemeji," shemeji alisema polepole, kama anayemwita mtu aliyekwisha kwenda mbali.

Mkaguzi alisogeza ubao, akasimama akitazama zile taa ndogo za kijani.

"Sisi tunaishi chini ya bomba la moshi la mtambo wa makaa," alisema bila kugeuka. "Mwanangu wa pili ana pumu."

Alitoka nje. Mvumo ukakatika, na kimya kikajaa chumbani kama maji. Mama Vifaranga alishusha pumzi. Kisha akaona taa nyekundu ya kitotoleshi nayo imezimika. Alikimbia nje. Mkaguzi alikuwa anabana lakiri ya kufungia mita kwa koleo.

"Baba, umezima yote."

"Mita ni moja, mama."

"Lakini kutotolesha hakuna kodi."

"Mita ilisajiliwa ya kutotolesha, ikachimbiwa. Mimi nafunga mita, siwezi kufunga nusu yake. Njoo ofisini Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua." Alitumbukiza koleo mfukoni, akalikosa, akalitumbukiza tena. "Hata mimi nyumbani nina kuku."

Mama Vifaranga aliporudi, shemeji alikuwa mlangoni.

"Nilikujengea hapa."

"Najua, shemeji."

"Tofali kwa tofali."

"Najua."

Shemeji alimpita bila kumgusa, akaenda zake. Aliuacha mlango wazi, na upepo wa jioni ulikuwa umeanza kuingia. Mama Vifaranga aliufunga, akaziba pengo la chini kwa gunia. Kitotoleshi kilikuwa cha bati jembamba. Kisingelitunza joto hata saa mbili.

Aliung'oa ubao. Mashine zilikuwa bado moto. Alibeba trei moja moja, akazipanga juu ya migongo ya chuma: sindano, majogoo wasiofanana na majogoo, nukta. Akavua mtandio wake, akafunika alipoweza kufika.

Chini ya mtandio kifaranga mmoja alilia. Akanyamaza. Akalia tena. Mama Vifaranga akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mashine, akisikia chuma kikipoa.