Mshono wa Nyuma

Mzee Gonchig alikuwa ameapa mbele ya bonde zima kwamba jiko la mkaza mwanawe halitanunuliwa mjini. Angelichomelea mwenyewe kwa paneli zake za sola na betri zake, pale pale malishoni, ambako nguzo ya umeme haijawahi kufika.

Siku moja kabla ya harusi, akiwa amebakiza mshono wa nyuma tu wa kuunga bati, wingu likatanda.

"Baba, betri zimechoka," mwanawe Erkhem alisema. "Tungoje jua."

"Wageni nao wangoje? Mimi nachomelea tangu hujaota meno."

Moto mzuri wa kuchomelea hutatarika kama mafuta kikaangoni. Huu ulikohoa. Fimbo ya kuchomelea iling'ang'ania bati, akaing'oa, ikang'ang'ania tena. Chuma kilichoyeyuka kilikaa juu juu bila kushika. Gonchig aliliona hilo vizuri kabisa. Akausugua mshono, akaupaka rangi nyeusi.

Kesho yake Delgermaa, bibi harusi, aliingia katika hema jipya na kaa la moto kutoka jiko la wakwe zake, apike chai ya kwanza. Wageni walijaa mpaka mlangoni, wakilisifia jiko. Gonchig alitabasamu, akichezea kichupa chake cha ugoro.

Maji hayajachemka, mshono ukaachia. Moshi ukajaa hema.

"Bibi harusi, unatupikia chai au unatukausha kama nyama?" aliuliza Dulam, dada yake Gonchig. Watu wakacheka huku wakikohoa.

Delgermaa aliinama nyuma ya jiko, akauona ufa. Alimtazama baba mkwe mara moja tu, kisha akainuka, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, shangazi. Samadi niliyowashia ina unyevu. Niliiokota mwenyewe."

"Mtoto wa wafugaji hujui samadi kavu? Erkhem, umetuletea mtu wa ghorofani!"

Hapo ndipo Gonchig alipaswa kusema. Badala yake alifungua kichupa chake. Akasema moshi si kitu, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Wageni walipoondoka na kisa chao, alimkuta Delgermaa akifuta masizi.

"Kwa nini ulisema vile, mwanangu?"

"Wewe ni baba yangu sasa," alijibu bila kuinua uso. "Jua likitoka utalichomelea jiko tena."

Jua lilipotoka alilichomelea, na safari hii moto ulitatarika. Mshono ukashika. Hakupata nafuu yoyote. Akatandika farasi, akaenda kwa dada yake.

"Kaka! Umekuja kuazima samadi kavu?" Dulam alipiga kelele, na majirani waliokuwa ndani wakaangua kicheko.

Gonchig alisimama mlangoni. Hakuthubutu hata kumpa mtu kichupa chake cha ugoro kwa salamu, kama ilivyo desturi.

"Samadi ilikuwa kavu, Dulam. Mshono ndio ulioachia. Niliuona mbovu, nikaupaka rangi."

Hakuna aliyecheka. Dulam akatazama bakuli lake la chai.

"Lakini kaka, habari ya samadi mbichi imeshavuka mto."

"Imefika kwa nani?"

Akamtajia jina. Gonchig aligeuka, akapanda tena farasi, akaelekea mtoni.