Kineno Kilichotupwa

Kazi ya Esinam katika tovuti moja ya habari mjini Accra ilikuwa ya kiajabu kiasi kwamba hata mama yake hakuwahi kuielewa. Habari ikishaandikwa, yeye ndiye aliyechagua maneno ya anwani ya ukurasa, ule mstari wenye vistari ambao watu hutumiana kwenye simu. Sheria ilikuwa moja tu: chukua maneno ambayo watu huyatafuta, vineno vidogo tupa. "Ya" tupa. "Na" tupa. Bosi wake, Bwana Quartey, alishikilia kwamba anwani fupi hupanda juu watu wanapotafuta habari, na ndefu huzama, na Esinam alikuwa hodari wa kutupa.

Watoto wa shule moja ya mtaa wa Teshie waliumwa matumbo, na uvumi ukamwangukia Naa Korkor, mama mtu mzima auzaye kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, kando ya barabara. Wapimaji wakaja, wakapima, wakakuta ubaya wote umo kwenye tangi la maji la shule. Esinam aliifurahia kwelikweli habari ilipoletwa mezani kwake: "Kenkey ya Naa Korkor si sumu." Akatoa "ya", akatoa "si", akabonyeza. Ikabaki kenkey-naa-korkor-sumu.

Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumnyima raha. Alishtuka siku binamu yake alipomtumia mstari ule mtupu, na chini yake onyo: "Msile huko jamani!" Akamwendea bosi mbio.

"Bwana Quartey, naomba tubadilishe anwani ya ile kenkey."

"Ile inayotuletea wasomaji kuliko zote? Umelewa? Ndani si tumesema ukweli?"

"Watu hawaingii ndani, bwana."

"Huo ni uvivu wao, si kosa letu. Nenda kafanye kazi."

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Akaibadilisha kwa siri jioni hiyohiyo, akarudisha "si" mahali pake. Lakini mstari wa zamani ulikuwa umeshasambaa kwenye simu za mji mzima, na huko mkono wake haukufika.

Jumamosi akaenda Teshie. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, saa ambayo wauza kenkey hawapati hata nafasi ya kujikuna, na Naa Korkor alikuwa amekaa peke yake akifukuza nzi. Sufuria lilikuwa limejaa hadi juu.

"Karibu mwanangu! Chagua, zote za moto."

Esinam alieleza yote akiwa amesimama, macho chini, akingoja kurukiwa.

"Kwa hiyo," Naa Korkor alisema taratibu, "uliandika si sumu, halafu ile 'si' ukaifuta?"

"Ndiyo, Mama."

"Ilikukosea nini?"

"Nilikuwa nafupisha."

"Kufupisha!" Mama yule akacheka kicheko kikavu. "Mimi nasonga unga tangu alfajiri mpaka mabega yananiuma, sijafupisha kitu. Haya, kaa. Siyo huko nyuma! Hapa mbele, barabara ikuone. Kula."

Esinam akala. Alifungua maganda ya mahindi, akamega, akachovya kwenye pilipili, akang'ata samaki. Kenkey ilikuwa tamu. Wapita njia walimtazama, wakapita. Mwishowe mwanamke mmoja mwenye mkoba akasimama, akamwinamia sikioni.

"Dada, wewe mgeni nini? Hapa hapaliwi." Akamsogezea simu puani. Kenkey-naa-korkor-sumu.

"Ifungue usome ndani," Esinam alisema. "Wamesema si sumu."

"Nifungue ya nini? Si imeandikwa hapa?"

"Hayo maneno nimeyaandika mimi. Nilikosea."

Mwanamke akamtazama usoni, akatazama vidole vyake vyenye pilipili, akatazama sahani.

"Ameshakulipa huyu mama, eti?" alisema, akaenda zake huku akiangua kicheko.

Esinam alitaka kuinuka amkimbilie. Naa Korkor akamwekea kenkey nyingine kwenye sahani.

"Kula," alimwambia. "Atapita mwingine."